Jinsi ya Kuisoma Ngao ya Vita ya Enzi za Kati

Mkazi wa Nairobi anayetaka kuzielewa ngao za vita za Ulaya ya enzi za kati anaweza kuanza na ngao iliyomo katika nembo ya taifa, ile inayotundikwa mahakamani nyuma ya kiti cha hakimu, kwa kuwa ilichorwa kwa kanuni zilizoanza kujengeka huko katika karne ya 12.

Tazama umbo kwanza, maana ndilo linaloonyesha mwenye ngao alivyopigana. Ngao ya mbao ya duara, yenye kikombe cha chuma katikati cha kuukinga mkono, ni ya mpiganaji wa miguu wa zama za Waviking, mabaharia wapiganaji wa Ulaya ya kaskazini. Katika jahazi la Gokstad, lililofukuliwa Norwe mwaka 1880, zilikutwa 64, zimepakwa nyeusi na njano kwa kupokezana. Ngao ndefu iliyochongoka chini, kama zile za kitambaa cha Bayeux kinachosimulia vita vya Hastings vya 1066, ilimfaa mpanda farasi kwa kuukinga mguu wake wa kushoto. Miguu ilipovikwa chuma, ngao ikafupishwa. Na deraya za mabamba zilipokamilika katika karne ya 15, wengi waliiacha wakashika silaha za mikono miwili.

Baada ya umbo, chunguza rangi, na hapo usiharakishe. Njano na nyeupe huhesabiwa kuwa madini, yaani dhahabu na fedha. Nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau ndizo rangi. Rangi haiwekwi juu ya rangi, wala madini juu ya madini, ili alama itambulike kutoka mbali. Sasa itazame nembo yetu kwa karibu: weusi uko juu, wekundu katikati, kijani chini, na baina yao imepita michirizi myeupe inayozizuia rangi hizo zisigusane, huku jogoo mweupe akionekana wazi juu ya wekundu. Mchoraji wa mabango anayeiacha michirizi hiyo anaharibu zaidi ya urembo.

Kumbuka pia kwamba kulia na kushoto hupimwa kwa aliyeishika ngao, si kwa mtazamaji. Jogoo, ambaye kwako anaelekea kushoto, kwa mwenye ngao anaelekea kulia, upande wa heshima.

Picha iache mwisho, wala usikimbilie kusema kwamba simba ni ushujaa. Geoffrey, mtawala wa Anjou huko Ufaransa, aliyefariki mwaka 1151, amechorwa katika bamba la kaburi lake mjini Le Mans akiwa na ngao ya buluu yenye simba wa dhahabu, na simba wa namna hiyo wamo katika ngao ya mjukuu wake, William Longespée, juu ya kaburi lake kanisani Salisbury, Uingereza. Kwa hiyo anza kwa kuuliza alama hiyo ilikuwa ya ukoo gani. Swali hilo linazifaa hata ngao za Wamaasai za ngozi ya nyati, ambazo michoro yake ilitambulisha rika la mwenyewe na watu wake.