Namna ya Kuingia Msitu wa Mikoko wa Hori ya Tudor

Anayetaka kutembea ndani ya mikoko ya Tudor sharti kwanza ajue mwezi una siku ngapi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa hupwa mno, na kupwa kwenyewe hufika ukomo karibu saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata saa hiyo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Ingia mapema, maji yakiwa bado yanatoka, na uanze kurudi mara yanapogeuka, kwa kuwa hujaa kwanza katika vijito ulivyovuka na kukuzibia njia nyuma yako. Mara ya kwanza usiende peke yako. Wavuvi wa Jomvu na Mikindani wanajua tope gani linabeba mtu na lipi linameza goti, basi mwamkie mzee utakayemkuta pwani na umwombe mwenzi wa kukuongoza.

Vaa raba za kufunga kamba. Ndara hubaki topeni, na miguu mitupu hukatwa na chaza walioshika mizizi. Maji ya kunywa yachukue katika chupa ya kudumu, maana tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na fuo za Kenya zinazohifadhiwa.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni mahali pa kuweka mguu. Chini ya mchu, mmoja wa miti ya mikoko, utaona vijiti vyembamba kama penseli vimechomoza kwa mamia, na chini ya mlilana, aina nyingine ya mikoko, vipo vinene zaidi, vyenye ncha. Inama ukitazame kimoja kwa karibu: ganda lake lina vitundu vidogo, na hivyo ndivyo mti unavyovuta hewa, kwa sababu tope lenyewe halina. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi kutoka bara, ukafukia mizizi ya namna hii, na mikoko mingi ya Tudor na ya hori ya Mwache ikakauka ingali imesimama. Kwa hiyo pita katika vijito na vijia vilivyokwisha kukanyagwa, hata kama njia itakuwa ndefu.

Ukialikwa kupanda miche, uliza kwanza mahali hapo palikuwa na mti gani. Niliwahi kushiriki siku moja ya upandaji ambapo tulichomeka mkoko, yaani ile aina yenye jina hilo hasa, katika ukingo ulio wazi kwa mawimbi, mahali pa mlilana, na tuliporudi baada ya miezi michache hatukukuta hata mche mmoja. Uchungu wake ninao hadi leo. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini, ikarefuka kama kijiti cha kijani. Chukua ile inayoachia yenyewe ukiigusa, ichomeke theluthi moja ndani ya tope, ncha nyembamba ya chini ikitangulia, na uache kama mita moja kati ya mche na mche. Kisha urudi bamvua inayofuata uondoe mifuko na nyavu zilizojiviringisha kwenye miche, na uzibe mapengo ya iliyokufa.