Tovuti ya kikundi cha vipepeo: anza na aliyemwona leo

Anayefungua tovuti ya kikundi cha kuhifadhi vipepeo mara nyingi ametoka kumwona kipepeo muda si mrefu. Picha iko kwenye simu, na anataka kujua ni kipepeo gani na amwarifu nani. Mimi ninayetunza tovuti ya kikundi chetu namhesabu huyo kuwa mgeni wa kwanza wa kuhudumiwa. Historia ya kikundi, katiba na picha za viongozi zihamie kurasa za ndani. Juu kabisa ya ukurasa wa mwanzo andika kwa herufi kubwa: "Umemwona kipepeo? Tuambie." Akibonyeza hapo, fomu ifunguke mara moja.

Fomu iwe fupi: tarehe, mahali, idadi, picha. Jina la kipepeo liwe la hiari, kwa sababu ukililazimisha watu watabahatisha au wataacha katikati. Omba picha mbili ikiwezekana, moja mabawa yakiwa wazi na nyingine yakiwa yamefumbwa. Eleza na sababu yake. Mathalani, kipepeo aitwaye kitaalamu Danaus chrysippus ni wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa ya mbele ni nyeusi zenye mabaka meupe. Jike la kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, humwiga kiasi kwamba hata wazoefu hubabaika. Tazama bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi matatu au manne katikati, mwenzake ana doa moja tu kubwa karibu na ukingo wa mbele. Picha isiyoonyesha bawa la nyuma haitatui lolote. Maelezo ya namna hii yakae palepale penye fomu, picha za hao wawili zikiwa ubavu kwa ubavu. Ukiyaweka kwenye faili la kupakua, hayasomwi.

Kila kipepeo apewe ukurasa wake, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Tovuti nyingi huonyesha kipepeo mpevu peke yake, kana kwamba hakuwahi kuwa kiwavi. Weka picha ya yai, kiwavi na pupa (hatua ya kati ya kiwavi na kipepeo), pamoja na mmea anaotagia. Papilio demodocus hutaga kwenye milimau na michungwa, na viwavi wake wachanga hufanana na kinyesi cha ndege. Mwenye mlimau akiwaona majanini hukimbilia dawa. Akikuta kwenye tovuti yako kwamba wale ndio watakaokuwa vipepeo wakubwa weusi wenye mabaka ya manjano, huenda akawahamishia tawi moja na kuwaacha. Ukurasa kama huo unahifadhi vipepeo kuliko tangazo lolote la mkutano.

Kwa vipepeo adimu, usichapishe mahali kamili. Wapo wanaowakusanya ili wauze, na wapo wapenzi wa picha wanaokanyaga mimea wakiwatafuta. Taja wilaya tu. Mtandao wa iNaturalist, ambako watu huweka picha za viumbe waliowaona, nao huficha mahali halisi pa spishi zilizo hatarini, ukaonyesha eneo pana badala yake. Kumbuka pia kwamba picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Futa taarifa hiyo kabla ya kupandisha picha kwenye tovuti.

Picha zipunguzwe. Upana wa pikseli 1200 unatosha, na faili lisizidi kilobaiti 200, ili mwenye bando dogo asikate tamaa. Chini ya kila picha andika kinachoonekana, mathalani "kiwavi wa Papilio demodocus juu ya jani la mlimau", maana asiyeona husomewa maneno hayo na simu yake.

Kama kikundi hufanya matembezi ya kuhesabu, eleza utaratibu wenu hadharani. Ule uliotumika katika mpango wa kitaifa wa kuhesabu vipepeo wa Uingereza tangu 1976 ni rahisi: unapita njia ileile, unahesabu walio ndani ya meta 2.5 kila upande na meta 5 mbele yako. Matokeo yachapishwe kila msimu, hata yakiwa mabaya, ili waliotuma taarifa waone zilikofika.

Ratiba zilizopita ziondolewe. Nywila na tarehe ya kulipia jina la tovuti zijulikane na watu wawili, na mmoja wao awe na zamu ya kujibu fomu ndani ya wiki.