Somo: Kuboresha choo cha shimo mahali pasipo na maji ya bomba

Vijijini, kaya nyingi za Tanzania zina choo cha namna fulani. Kinachokosekana ni sakafu inayosafishika, njia ya hewa na mahali pa kunawa. Mwenye fedha kidogo azitumie chini kwanza, kwa sababu kuta nzuri za matofali juu ya sakafu ya miti na udongo humsitiri mtumiaji, lakini hazizuii nzi wala minyoo ya safura.

Hatua ya kwanza: mahali. Chimba angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko, na kitako cha shimo kiwe mita 2 juu ya maji ya ardhini, yakipimwa wakati wa masika na si kiangazi.

Hatua ya pili: shimo. Shimo lenye upana wa mita 1 na kina cha mita 3 huweza kuitosha familia ya watu sita kwa takriban miaka mitano. Penye kichanga, lijengee lote kwa matofali, ukiacha nafasi kati ya matofali ya chini ili majimaji yapenye.

Hatua ya tatu: sakafu. Changanya saruji ndoo moja, mchanga mbili na kokoto tatu, suka nondo za milimita 8, kisha mwaga zege la unene wa sentimita 8 lililoinamia tunduni, na ulimwagilie kwa siku saba. Upana wa tundu usizidi sentimita 18, ili mtoto asiogope kutumbukia na kuishia kujisaidia nyuma ya nyumba.

Hatua ya nne: bomba la hewa. Mbinu hii ilibuniwa Zimbabwe katika miaka ya 1970. Upepo unaopita juu ya bomba huvuta hewa kutoka shimoni, hewa safi ikaingia kupitia tunduni, na harufu ikatokea juu ya paa. Nzi waliomo shimoni hufuata mwanga wa bomba, wakakwama kwenye wavu uliofungwa juu ya bomba na kufa humo. Kwa hiyo ndani ya choo pawe na giza kiasi, na tundu lisifunikwe. Anayeweka dirisha kubwa na mfuniko juu ya tundu amelipia bomba bure. Bomba liwe na upana wa sentimita 15 na lipite paa kwa nusu mita. Asiye na bomba ndiye anayehitaji mfuniko, tena kila wakati.

Hatua ya tano: kibuyu chirizi. Dumu la lita 5, kamba, kijiti cha kukanyagia na sabuni vinatosha kunawia mikono, mradi viwe mlangoni.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, shikamoo. Huku kwetu pwani tukichimba mita moja na nusu tu, maji yanatoka. Tufanyeje?
Marahaba. Inua choo: chimba kifupi, endeleza ukuta wa shimo juu ya ardhi, uuzungushie kifusi na ujenge ngazi. Msisubiri mvua ili mtapishe choo. Uchafu huo huishia visimani mwa majirani.

Choo chetu kina mbu wengi. Je, tumwage mafuta ya taa?
Mafuta hayadumu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, Unguja, vyoo vyenye maji viliwekwa punje za plastiki nyepesi zinazoelea, na mbu wanaoeneza matende wakakosa pa kuzalia. Kama shimo lenu ni kavu, majivu kila siku yatapunguza harufu na nzi.

Shimo likijaa, tunaweza kuchukua mbolea?
Mnaweza, lakini si mapema. Lifunikeni kwa udongo na mliache kwa mwaka mmoja au, vizuri zaidi, miwili, kwa kuwa mayai ya minyoo hukaa hai muda mrefu. Wasiotaka kufukua wapande mgomba hapo juu.