Baiskeli na utoto: namna ya kujibu maswali ya kuzungumza ya IELTS

Katika sehemu ya kuzungumza ya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, swali lenyewe ni jepesi: "Did you have a bike when you were a child?" Wepesi huo ndio unaowaangusha watu. Mtu amekesha akijiandaa kwa tabianchi na akili bandia, halafu anaulizwa habari za baiskeli ya utotoni. Anajibu "Yes, I had," ananyamaza. Mtahini anasubiri kidogo, anahamia swali lingine. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilijibu hivyo hivyo, nikatoka chumbani nikijiona nimemaliza kazi. Nilihitaji alama 7, nikapata 6.

Kwa wageni: mtihani huu wa kuzungumza ni wa dakika 11 hadi 14, wewe na mtahini mmoja, na unarekodiwa. Sehemu ya kwanza ni dakika 4 hadi 5 za maswali ya maisha yako. Ya pili unapewa kadi yenye mada, unajiandaa dakika 1 ukiwa na karatasi na penseli, kisha unazungumza mpaka dakika 2. Ya tatu ni mjadala mpana wa mada hiyo hiyo, dakika 4 hadi 5 tena. Alama zinatokana na vitu vinne vyenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, na matamshi. Hakuna alama ya kuwa na utoto mzuri, wala ya kumiliki baiskeli.

Hatua ya 1: Rudi kwenu kwanza

Kabla hujafungua kitabu chochote cha Kiingereza, kumbuka baiskeli yako kwa Kiswahili. Yangu haikuwa yangu. Ilikuwa Phoenix nyeusi ya baba, Ifakara, ya kubebea mpunga. Nilikuwa mfupi, kiti sikifikii, kwa hiyo nilipitisha mguu wa kulia chini ya bomba la fremu, mwili umepinda upande mmoja, nikakanyaga pedali nusu nusu. Breki ilikuwa ya nyuma tu, na hiyo nayo ya kubahatisha. Tulisimama kwa kukandamiza kandambili kwenye tairi.

Sasa tafuta maneno ya Kiingereza ya vitu hivyo hivyo. Bomba lile la juu ni "crossbar". Kandambili ni "flip-flops". Mnyororo ukichomoka, sema "the chain came off". Wengi husema "the chain removed", na hapo mtahini anabaki akijiuliza nani kautoa. Tairi likipata pancha, "I got a puncture". Maneno kumi ya namna hii, yaliyotoka kwenye maisha yako, yana thamani kuliko "environmentally friendly", ambalo kila mtahiniwa anaingia nalo mfukoni.

Nasisitiza hili kwa sababu nimeshasikia mara nyingi mno jibu la baiskeli nyekundu aliyonunuliwa mtu siku ya kuzaliwa, akawa anaiendesha bustanini na babake kila Jumapili. Anayelisema amekulia Sumbawanga. Sauti yake inabadilika, macho yanapanda darini kutafuta mstari unaofuata. Watahini wanalijua jibu la kukariri tangu sentensi ya pili.

Hatua ya 2: Jibu, kisha ongeza

Sentensi mbili hadi nne zinatosha katika sehemu ya kwanza. Kwa mfano:

"Not my own, no. But my father had a big black one for carrying rice, and I used to sneak it out while he was asleep. I was too short for the saddle, so I rode with one leg under the crossbar."

Halina neno la kutisha. Lakini lina "used to", lina "while", lina "too short for", lina "so" inayounganisha sababu na tokeo. Na jibu ni "hapana"! Kukosa baiskeli kumezaa maelezo mengi kuliko kuwa nayo.

Hatua ya 3: Mitego inayotokana na Kiswahili chetu

Sisi tunaendesha gari, tunaendesha baiskeli, tunaendesha hata kikao. Kwa Kiingereza baiskeli ni "ride", siyo "drive". Kupanda baiskeli nako usikufanye "climb". Ni "get on". Ukianguka ni "I fell off". "I felt down" ni kuhuzunika.

"Nilikuwa naendesha kila jioni" tunalitafsiri "I was riding every evening". Kwa mazoea yaliyokwisha, "I used to ride" ndilo lenyewe. Ukitaja mwaka, kaa kwenye wakati uliopita: "I learned in 1994", si "I have learned in 1994".

Kisha lile kubwa kuliko yote. Kiambishi chetu "a-" hakiulizi mtu ni mke au mume, kwa hiyo ulimi ukichoka unasema "my mother, he taught me". Kila mtu anateleza hapo, hata mimi nikiwa na usingizi. Ukijisikia, rekebisha papo hapo, "she taught me", endelea. Kujirekebisha mara moja moja hakuna ubaya.

Hatua ya 4: Matamshi

Lafudhi yako si kosa. Kosa ni mtahini asipokuelewa. Angalia irabu tunazobandika mwishoni, "baiki" badala ya "bike", na kama kwenu r na l hubadilishana, fanyia mazoezi "ride" na "lied". Jirekodi kwa simu.

Hatua ya 5: Kadi

Mada huwa kama "something you enjoyed doing as a child". Dakika ile moja usiandike sentensi, hutaifikia ya tatu. Andika maneno: baba kalala, bomba, mteremko, mtaro, goti. Yanaweza hata kuwa ya Kiswahili. Yapitie kwa mfuatano wake, na ukifika kwenye mtaro usikimbie. Eleza ulichoona, ulichosikia, nani alicheka. Mtahini akikukatisha dakika 2 zikiisha, ni saa tu, hajakuchoka.

Hatua ya 6: Mjadala

Hapa unahama kutoka "mimi" kwenda "watu". Ukiulizwa kwa nini baiskeli zimepungua mjini, una mfano ulio tayari: bodaboda zilianza kama baiskeli za kuvusha abiria mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, ndipo baadaye pikipiki zikachukua jina na kazi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Sijawahi kuendesha baiskeli. Nyumbani walisema si ya wasichana. Nidanganye?*

Marahaba dada. Usidanganye, una jibu zuri kuliko langu. "I never learned, because people in my village thought it wasn't for girls. I just sat on the carrier behind my brother." Jiandae tu, atakuuliza kama mambo yamebadilika.

*Mimi ni muuguzi, niko Muscat, nahitaji 7 ya kuzungumza ili nisajiliwe Uingereza. Kazini naongea Kiingereza kutwa. Bado nahitaji mazoezi?*

Ndiyo. Kiingereza cha wodini ni maagizo na ripoti za zamu, wakati uliopo mwingi. Hapa unatakiwa kusimulia ya miaka ishirini nyuma. Msimulie mwenzako wa zamu mambo ya utotoni mkiwa mnakula.

*Niko Eldoret. Nilisema tulitumwa "posho mill" kwa baiskeli, examiner akaniangalia tu. Nilikosea?*

Hukukosea, hukumalizia. Ongeza "that's where we took our maize to be ground". Neno la kwetu likifuatiwa na maelezo yake linaonyesha kwamba unaimudu lugha.

*Utoto wangu ulipita kambini, Kigoma. Sipendi kuuzungumzia.*

Pole ndugu yangu. Hulazimiki. Mtahini hapimi ukweli wa maisha yako wala hatakuchimba. Chagua kipande kidogo kisichouma, mchezo au rafiki mmoja, ukae hapo hapo. Au sema "I don't remember much about that time, but nowadays..." na uhamie kwenye leo. Andaa daraja hilo mapema, usilitafute ukiwa mbele yake.

*Mwalimu, baba aligundua?*

Aligundua siku hiyo hiyo, goti lilikuwa limefungwa kwa kipande cha kanga ya mama. Hakunipiga. Asubuhi alichukua spana, akakishusha kiti mpaka mwisho. Bado sikukifikia.