Somo: Kuweka kazi za mashabiki na habari za kitabu bila kumkata mtu jina

Naandika riwaya za vijana. Wasomaji wangu wengi wako kwenye ule umri ambao mtu akikipenda kitabu hakiachi kabatini: atakichora, atakishona, atakifinyanga kwa udongo, atakipaka kwenye kucha. Halafu anakutumia picha na neno moja tu: "Ona!" Somo hili ni la waandishi wenzangu wanaopokea hizo "Ona!" wasijue wazifanyeje, hasa zinapogongana na habari za kitabu kipya ambazo nazo zinadai nafasi.

Nianze na kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita msomaji alinitumia mchoro wa mhusika wangu mkuu amesimama juu ya paa, mvua inanyesha, viatu kavishika mkononi. Penseli tupu, hakuna rangi. Furaha ikanizidi, nikauposti dakika ileile. Ukurasa wangu hukata picha ziwe mraba, nami sikuangalia. Kona ya chini kulia palikuwa na sahihi yake, herufi ndogo kama sisimizi. Ikaenda na maji. Watu wakaumiminia mchoro sifa, wengine wakadhani nimechora mimi, na mimi nilikuwa nimeshalala. Asubuhi nikakuta ujumbe wa maneno mawili: "Umenikata jina."

Yote yanayofuata nimejifunza baada ya ujumbe huo.

Hatua ya 1: Jua nani ana nini

Mhusika ni wako, mchoro ni wake. Kuna haki mbili kwenye karatasi moja. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi za dunia zimeuridhia, hakimiliki inakuwepo bila kusajili popote na bila kuweka alama yoyote. Mwaka 1928, mkataba huo uliporekebishwa Roma, kikaongezwa kifungu kinachompa msanii haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeifanya kazi, na haki ya kupinga isiharibiwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Kwa hiyo nilipokata ile sahihi sikukosa adabu tu.

Wanasheria wanaweza kubishana kutwa kuhusu kazi iliyojengwa juu ya kazi ya mwingine, na majibu hutofautiana nchi kwa nchi. Sisi tusiokuwa wanasheria tushike hili: uso uliomo kwenye mchoro hata kama uliuumba wewe, mkono uliouchora si wako.

Hapohapo toa mkataba wako na mchapishaji uusome upya. Tafuta sehemu inayozungumzia filamu na bidhaa. Huenda baadhi ya haki unazodhani unazo ulishaziuza, na ruhusa unayotaka kumpa shabiki si yako kuitoa.

Hatua ya 2: Omba ruhusa, hata kama amekutagi

Kukutagi maana yake anataka uione. Hajasema uichukue. Mimi hutuma ujumbe wa namna hii:

"Mambo! Nimeupenda sana mchoro wako, hasa hivyo viatu mkononi. Naomba kuuweka kwenye ukurasa wangu na kwenye barua ninayowatumia wasomaji kila mwezi. Nitauweka mzima, sitaukata. Nikutaje kwa jina gani? Na je, umetimiza miaka 18? Ukisema hapana, hakuna neno kabisa."

Viatu nimevitaja ili ajue nimeangalia, sijabandika ujumbe uleule kwa watu hamsini. Sehemu mbili nimezitaja kwa sababu ruhusa ya ukurasa si ruhusa ya barua, wala si ruhusa ya kuchapa bango la uzinduzi. Jina nimeliuliza kwa sababu wapo wanaotaka jina la mtandaoni, wapo wanaotaka la kwao kamili, na wapo wasiotaka jina lolote kwa kuwa nyumbani hawajui kwamba wanachora usiku badala ya kulala.

Wahenga walihesabu kimya kuwa ni kukubali. Hapa kimya ni hapana. Asipojibu, subiri wiki moja, mkumbushe mara moja, kisha mwache. Akikubali, piga skrinshoti ya jibu lake, iweke kwenye folda, na uandike kwenye jedwali: tarehe, jina alilochagua, na wapi amekuruhusu. Inachosha. Lakini miaka miwili baadaye mchapishaji akikuuliza, "Ile picha tuliruhusiwa?", utajua jibu liko wapi.

Hatua ya 3: Umri

Hapa usilegee. Sheria ya Marekani ya faragha ya watoto mtandaoni, ya mwaka 1998, inawalinda walio chini ya miaka 13. Umoja wa Ulaya umeweka miaka 16, na kila nchi mwanachama inaweza kushusha hadi 13. Sheria hizo hasa zinawabana wanaokusanya taarifa za watu, na ukiwa na orodha ya barua pepe za wasomaji, nawe unakusanya.

Kanuni yangu ni kali kuliko hizo: aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi anijibu mwenyewe kwa anwani yake. Jina ni la kwanza tu au la kubuni. Sitaji shule, na siweki uso. Kwa michoro hilo ni rahisi. Shida ni picha za waliovaa kama wahusika: binti kashona vazi la ajabu, na nyuma yake ukutani inaning'inia sare yenye nembo ya shule. Nembo hiyo wewe huioni kwa sababu unaangalia vazi. Mtu mwingine ataiona. Omba picha nyingine, ya vazi peke yake, limelazwa au limetundikwa.

Hatua ya 4: Iandae picha

Usiikate. Ukurasa ukilazimisha mraba, ongeza nafasi tupu pembeni mpaka picha nzima iingie. Usiipake rangi za mtindo wala usiing'arishe.

Picha ya simu huweza kubeba taarifa za mahali ilipopigwa, hadi nukta ya kwenye ramani. Mitandao mingi mikubwa huzifuta unapopakia, ila picha iliyoambatishwa kwenye barua pepe au kuwekwa kwenye tovuti yako mwenyewe huenda ikabaki nazo. Zifute kwanza.

Kisha andika maelezo mbadala kwa ajili ya wasomaji wasioona, ambao programu zao husoma skrini kwa sauti. Usiandike "mchoro wa shabiki". Andika: "Mchoro wa penseli. Msichana kasimama juu ya paa kwenye mvua, viatu mkononi, anaangalia chini barabarani." Wasioona nao ni mashabiki, na baadhi yao wanavijua vitabu vyangu kuliko mimi.

Hatua ya 5: Jina kwanza, maneno baadaye

Maelezo marefu hukunjwa. Msomaji anaona mstari mmoja au miwili, mengine yamejificha chini ya "soma zaidi". Basi mstari wa kwanza uwe jina la msanii na linki yake kama anayo. Shukrani zako na kumbukumbu zako za siku ulipoandika sura ile zifuate.

Mchoro ukifichua mwisho wa kitabu, tanguliza picha ya onyo, na mchoro uwe wa pili. Mtu ateleze kidole kwa hiari yake.

Hatua ya 6: Habari za kitabu zikae kwao

Nimeona waandishi wakichukua mchoro wa kijana wa miaka 15 na kuandika chini yake: "Kitabu cha pili kinatoka mwezi ujao, weka oda sasa!" Zawadi imegeuzwa tangazo la biashara, na mtoa zawadi hakuulizwa. Mimi nimetenga siku. Kuna siku ya mashabiki, kuna siku ya habari, na siku ya mashabiki siuzi kitu.

Kwenye habari zenyewe, kwanza muulize mchapishaji ni lini unaruhusiwa kusema. Mkataba uliosainiwa jana, tafsiri, filamu, hata jina la kitabu, vyote huwa na tarehe ya kutangazwa. Kijana mmoja makini akikuza picha ya meza yako akasoma kichwa cha mswada, siri imekwisha. Funika meza.

Pili, saa. Niliwahi kutangaza kwamba jalada jipya litaonyeshwa "saa 3 usiku". Kwangu hiyo ni 21:00. Wasomaji kadhaa waliozoea saa ya kwenye simu wakatega kengele ya 3:00, wakaamka saa 9 usiku, wakakuta jalada limeonyeshwa zamani na wenzao wameshalichambua hadi fonti. Walio nchi nyingine wakauliza: usiku wa wapi? Siku hizi naandika kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, mfano 18:00 UTC, na kila mtu apige hesabu ya kwake.

Tatu, namba. Tangu 2007 ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, ina tarakimu 13, na jalada gumu, jalada laini na kitabu cha kielektroniki kila kimoja kina namba yake. Taja namba ya aina unayoitangaza. Msomaji aliyeagiza faili wakati alitaka karatasi atakulaumu wewe, hatamlaumu muuzaji.

Na siku ya jalada, mtaje aliyelichora. Wachora majalada ndio hukatwa majina kuliko mashabiki wote, na sisi waandishi, tunaonuna kitabu chetu kikitajwa bila jina letu, ndio wakataji wakubwa.

Hatua ya 7: Hadithi za mashabiki

Furahi kwamba zipo, usizisome. Sababu iko kwenye maswali.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Dada, mimi nina wasomaji arobaini na michoro miwili. Kweli nahitaji jedwali?

Jibu: Unahitaji mistari miwili ya jedwali.

Swali: Mimi si mwandishi, ni msomaji, na nimeumia kidogo. Mbona hutaki kusoma hadithi tunazokutungia? Nimeandika sura 22 kuhusu dada wa mhusika wako.

Jibu: Sura 22! Mdogo wangu, baadhi ya miswada yangu iliyokufa haikufika huko. Nisikilize. Tuseme kwenye sura yako ya 9 huyo dada anagundua kwamba baba yake yu hai. Na mimi tangu mwaka jana nina daftari lenye wazo hilohilo. Nikisoma yako leo, kesho kitabu changu kikitoka utaamini nimekuibia, na sitakuwa na njia ya kukuonyesha kwamba sikukuibia. Au vibaya zaidi, nitalitupa wazo langu kwa woga. Nisiposoma, wewe uko huru na mimi niko huru. Waandishi wengi hufanya hivyo, na wengi huwaelekeza pia wasaidizi wao wasiwape hadithi hizo. Mchoro ni tofauti, kwa sababu unaonyesha tukio ambalo nimeshaliandika. Endelea hadi sura ya 23, na wapelekee wasomaji wenzako. Wapo watakaokudai ya 24.

Swali: Nimeletewa picha nzuri sana, lakini vidole viko sita. Nashuku ni akili mnemba (AI). Niiweke?

Jibu: Muulize kwanza, kwa upole, maana nimewahi kuona mchoraji wa miaka 14 akishutumiwa kwa sababu tu mikono ilimshinda. Mikono inawashinda wengi. Akisema ni ya akili mnemba, mimi humshukuru na siiweki. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani inashikilia kwamba kazi lazima iwe na ubunifu wa mwanadamu ndipo ilindwe, ila sababu yangu si hiyo. Siku ya mashabiki nimeiweka kwa ajili ya watu waliokaa na penseli na kufuta mara ishirini.

Swali: Shabiki anauza stika za wahusika wangu. Nampenda, ananitangaza. Naweza kumpa tano hadharani?

Jibu: Soma mkataba kwanza. Ukimpongeza hadharani, umempa kitu kinachofanana na leseni, na pengine haki ya bidhaa iko kwa mchapishaji. Zungumza na mchapishaji au wakala wako. Wengine huvumilia biashara ndogo, wengine hata hutoa kibali cha maandishi. Mpaka ujue, usimsifu na usimshutumu.

Swali: Mtu kaandika sentensi ya kitabu changu kwa mwandiko mzuri ajabu, kaitia fremu. Sentensi hiyo ilikuwa kwenye nakala ya awali tuliyowapa wahakiki, mhariri akaifuta baadaye. Nifanyeje?

Jibu: Pole, na hongera pia. Ndiyo maana nakala za awali huandikwa kwamba hazijasahihishwa na zisinukuliwe kabla ya kulinganishwa na toleo lililochapwa. Mwambie ukweli, kwamba ana sentensi isiyopo kwenye kitabu. Mimi pia yalinikuta, na shabiki wangu alifurahi kupita kiasi. Niliiweka siku ya mashabiki na historia yake, na mhariri wangu akaniandikia: "Kumbe ilikuwa nzuri."

Swali: Je, mnachagua michoro? Mingine, tuseme ukweli, haijaiva.

Jibu: Naweka kwa mpangilio wa kuingia. Sijawahi kuombwa niwe jaji.

Swali: Yule uliyemkata jina, aliwahi kukutumia kazi nyingine?

Jibu: Mara mbili. Niliomba radhi, nikaurudisha mchoro ukiwa mzima, jina juu. Alikaa kimya miezi minne. Kisha ukaja mchoro mpya, mhusika yuleyule, safari hii kavaa fulana, na sahihi ya msanii imeandikwa kifuani mwa fulana, kubwa, kutoka bega hadi bega.