Gemu za kucheza kwa mwili: jinsi ya kuzifanya zisaidie moyo kweli

Kwanza tuelewane, ile mashine ya gemu inafuata unavyosogeza mwili na kuhesabu pointi, haihesabu moyo wako. Wii Sports, gemu ya michezo ya Nintendo ya 2006, kwa mfano, tenisi yake unaweza kushinda umekaa kwenye kochi unatikisatikisa kiganja tu, hata kuhema huhemi. Just Dance, ile gemu ya kudansi, ukicheza kwa rimoti ya gemu ni yaleyale, inafuata mkono ulioshika rimoti, miguu haina habari nayo kabisa. Yani kudanganya ni rahisi mno na unayemdanganya ni wewe.

Kwa hiyo chagua gemu inayotumia miguu. Misuli ya mapaja na makalio ndo mikubwa mwilini, ikianza kazi inadai damu nyingi na moyo hauna ujanja, lazima usukume. Dansi nzuri, ndondi nzuri (ila cheza umekunja magoti, unahamahama, sio kusimama kama mlingoti unarusha mikono), Ring Fit Adventure nayo poa maana kuna kidude unafunga pajani na usipokimbia hapohapo ulipo mtu wako kwenye skrini haendi. Boling na gofu ni za kupiga stori, usizihesabu.

Utajuaje inafanya kazi? Ongea. Ukiweza kuongea ila kuimba huwezi, hapo ni wastani, ndo panapotakiwa. Ukitoa maneno mawili matatu unatafuta pumzi, hiyo ni nguvu. Anayetaka namba achukue 220 atoe umri wake, mwenye miaka 40 anapata 180, hayo ndo makadirio ya mapigo yake ya juu kabisa, halafu asilimia 50 hadi 70 ya hapo ni mapigo 90 hadi 126 kwa dakika. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono kwa ndani, chini ya kiganja upande wa kidole gumba, hesabu sekunde 15 zidisha kwa 4. Usitumie gumba kupimia, lina mapigo yake litakuchanganya. Na kama unatumia dawa za presha zinazopunguza mapigo hiyo hesabu haikuhusu, baki na kuongea.

Muda sasa. WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema mtu mzima afikishe angalau dakika 150 kwa wiki za wastani, au 75 za nguvu. Hapa ndo nilipopigwa, siku moja nikajisifu nimecheza dakika 40, nikaja kuhesabu kumbe nyimbo sita tu, kama dakika 20 hivi, zilizobaki nilikuwa nachagua wimbo na kusubiri gemu ifunguke. Siku hizi wakati wa kuchagua sikai, napiga kwata hapohapo.

Sogeza meza, vaa kamba ya rimoti mkononi, na viatu kama sakafu inateleza. Anza na wimbo wa polepole dakika tano, maliza hivyohivyo, ukikata ghafla damu inabaki miguuni unaona kizunguzungu. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyotulia aongee na daktari kabla, na kifua kikibana acha hapohapo utafute msaada, usisubiri wimbo uishe.

Kitu kingine, ukishazikariri zile staili utapata nyota zote bila jasho, mwili umeshajua njia za mkato. Hapo badilisha wimbo au panda levo.