Somo: Panga darasa la awali upunguze ugomvi

Walimu wenzangu, niliwahi kukabidhiwa darasa la awali lenye watoto 58, wakati kiwango chetu Tanzania ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Kutwa kesi zilezile: huyu kanisukuma, yule kaninyang'anya. Kabla ya kumsema mtoto yeyote, nikakikagua chumba.

Hatua ya 1: Chuchumaa mlangoni, macho yafike kimo cha mtoto wa miaka 5. Mimi niliona uwazi mrefu kutoka mlangoni hadi ubaoni. Mtoto akiona uwazi kama ule, miguu inamwasha! Nikauziba katikati kwa mkeka na rafu fupi ya vitabu. Mbio zikapungua wiki ileile.

Hatua ya 2: Tenga kona, yaani sehemu ndogo za kuchezea na kujifunzia. Ya ujenzi ikae mbali na ya vitabu, kwa sababu ya kelele. Kisha weka ukomo wa idadi ambao mtoto anauona mwenyewe. Kila kona nimefunga kamba ya katani yenye vibanio vinne vya nguo. Kila mtoto ana kadi yake ya picha: jogoo, embe, ngalawa. Akiingia anaibana kadi. Vibanio vikijaa, anachagua kona nyingine. Siku za mwanzo utawakumbusha sana. Vumilia.

Hatua ya 3: Vifaa viwe vingi na vya aina moja. Gari moja zuri kwa watoto wanne ni vita. Magunzi, vifuu na vipande vya mbao havigharimu kitu.

Hatua ya 4: Tandika jamvi pembeni kwa aliyekasirika au aliyechoka. Usimpeleke huko kama adhabu, atapachukia.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi nina 90 na chumba kimoja. Kona zitaenea wapi?*
Pole sana, ndugu yangu. Toa kona mbili nje, mchanga na maji, kivulini mbele ya mlango, nawe usimame pale mlangoni uwaone wote.

*Madawati yetu ni mazito, hayasogei.*
Acha yalipo. Kila safu iwe kona, vifaa vikae kwenye beseni juu ya dawati.

*Nina mtoto anayeng'ata wenzake.*
Andika siku tatu: anang'ata wapi, saa ngapi. Wangu alikuwa anang'ata kwenye foleni ya kunawa tu. Nikaongeza ndoo ya pili ya koki, foleni ikafupika, akaacha.